Kwa nini mashujaa wa X-Men hawazeeki na wakifa hurudi

X-Men ni mfululizo wa vitabu vya katuni wa kampuni ya Marvel kuhusu mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu. Katika toleo lake la 42, la mwaka 1968, Profesa Charles Xavier, mwalimu wao, aliuawa. Wanafunzi wake wakaomboleza, na hadithi ikaendelea bila yeye kwa karibu miaka miwili. Kisha, katika toleo la 65 la mwaka 1970, akatokea mzima wa afya. Maelezo yake yalikuwa haya: aliyekufa ni Changeling, adui wa zamani mwenye uwezo wa kujigeuza sura, ambaye alitubu na kukubali kushika nafasi ya Profesa. Xavier mwenyewe alikuwa amejificha katika chumba cha chini ya jumba lake, akijiandaa kuzuia uvamizi wa viumbe wa anga za mbali. Kwa kurasa chache tu, matoleo 23 ambayo watu walikuwa wameshayasoma yakapata maana nyingine.

Msomaji mgeni akikutana na jambo kama hili huona ama uzembe ama ulaghai. Ni vema asikimbilie kuhukumu. X-Men, iliyoanzishwa na Stan Lee na Jack Kirby kwa toleo lenye tarehe ya Septemba 1963, haikuandikwa ifike mwisho. Riwaya ina ukurasa wa mwisho, na mwandishi wake anaweza kuupanga msuko mzima kabla ya kuanza. Huku, ufa unazibwa wapangaji wakiwa ndani ya nyumba, na fundi anayeuziba mara nyingi siye aliyejenga.

Karibu kila mbinu inayorudiwa katika mfululizo huu imetokana na mojawapo ya matatizo manne. Wahusika ni mali ya kampuni, kwa hiyo hakuna anayeweza kuondolewa moja kwa moja akiwa bado anapendwa. Miaka inapita kwa msomaji lakini lazima isipite kwa mhusika. Mwandishi mpya hurithi ahadi ambazo hakuzitoa yeye. Na kila mwezi yupo mtu anayefungua X-Men kwa mara ya kwanza, katikati ya mambo. Ukishajua ni tatizo gani lilikuwa mezani, mbinu inaeleweka, na unaweza kupima kama imetumika kwa ustadi au kwa kubahatisha.

Kifo na bei ya kurudi

Tuanze na kifo kilichofanyika kikabaki. Mwaka 1975 mfululizo ulifufuliwa kwa toleo kubwa la pekee lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, baada ya kipindi kirefu, toleo la 67 hadi la 93, ambapo hadithi za zamani zilikuwa zikichapishwa tena tu. Kikosi kipya kilikuwa na Storm, Nightcrawler, Colossus, Wolverine na Thunderbird, pamoja na wengine wawili waliokuwa wamewahi kuonekana katika X-Men. Thunderbird alikufa upesi mno, katika toleo la 95 la mwaka huohuo. Sababu ya kiufundi ilikuwa wazi: alikuwa mkali, mwenye kiburi, asiyependa kuamrishwa, na kikosi tayari kilikuwa na Wolverine mwenye sifa hizohizo. Wahusika wawili wenye sauti moja hula nafasi ya mmoja. Kumwua yeye kuliondoa marudio hayo, na papo hapo kukamwambia msomaji kwamba kikosi hiki kipya hakina kinga. Hakurudi kwa kudumu kwa zaidi ya miaka 40. Hakuacha mapenzi ya kuendelezwa, wala fumbo, na hapakuwa na umati uliokuwa ukimlilia.

Hapo ndipo pa kuangalia unaposoma kifo chochote katika mfululizo wa aina hii. Uliza kama mwili umechorwa au moshi tu. Uliza kama aliyekufa ameacha jambo nusu, kwa mfano penzi lisilotamkwa au mtoto. Uliza kama nguvu zake zenyewe zinaweza kutoa njia ya kurudi. Hata mwili ukionekana, bado haitoshi. Mwaka 2001 Colossus alijidunga dawa ya ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mutanti, dawa ambayo ilihitaji uhai wa mtu ili ifanye kazi. Alikufa mbele ya macho ya msomaji, mwili ukachomwa, na mwenzake Kitty Pryde akayapeleka majivu Urusi kuyatawanya. Mwaka 2004 alirudi. Ikaelezwa kwamba kiumbe wa sayari nyingine aliuiba mwili, akaweka mwingine mahali pake, kisha akamhuisha. Majivu yale hayakuwa yake.

Njia za kurudi, ukizichambua, si nyingi. Aliyekufa hakuwa yeye, kama Xavier. Mwili uliibwa ukahuishwa, kama Colossus. Anayekuja ni yuleyule lakini kutoka wakati mwingine, kama ilivyokuwa mwaka 2012 pale wanafunzi watano wa mwanzo walipoletwa kutoka ujanani mwao hadi sasa. Au nguvu iliyomkaa ndiyo inayomfufua, kama Phoenix, nguvu ya angani inayohusishwa na Jean Grey. Yenye madhara makubwa kuliko zote ni ile ya kwanza, kwa kuwa inagusa kila tukio ambalo huyo bandia alishiriki.

Kisa cha Jean, mmoja wa wale wanafunzi watano wa mwanzo, ndicho kinachofundisha zaidi, na kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Mwaka 1980 Chris Claremont na John Byrne walikuwa wamempandisha Jean hadi kilele. Akiwa Phoenix, alikuwa na nguvu zilizopita za kikosi kizima. Nguvu hizo zikamlevya, akaimeza nyota, na sayari iliyokuwa ikiizunguka ikaangamia pamoja na wakazi wake, takriban bilioni 5. Mpango wa awali ulikuwa kwamba mwishoni anyang'anywe nguvu aishi kama mtu wa kawaida. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, alikataa. Mtu aliyeua mabilioni, alisema, hawezi kurudishwa nyumbani kupumzika. Kurasa za mwisho za toleo la 137 zikaandikwa na kuchorwa upya, na Jean akajiua juu ya Mwezi ili asimdhuru mtu mwingine tena. Ule mwisho wa kwanza ulichapishwa peke yake mwaka 1984, na ukiusoma unaona mara moja kwamba uamuzi wa mhariri uliipa hadithi uzito ambao waandishi hawakuwa wameupanga. Jean alichagua. Hatia ilikuwa yake, na malipo yalikuwa yake.

Mwaka 1983 Cyclops, mpenzi wake, alipata njia ya kuendelea na maisha. Alikutana na rubani aitwaye Madelyne Pryor, aliyefanana na Jean kama mapacha, wakaoana katika toleo la 175. Baadaye wakapata mtoto wa kiume. Kwa hesabu ya usimulizi, mhusika huyu alikuwa amehitimu: huzuni imekwisha, ndoa ipo, mtoto yupo, anaweza kuondoka jukwaani kwa heshima.

Kisha mwaka 1986 kampuni ikataka mfululizo mwingine, X-Factor, wa kuwakutanisha tena wanafunzi watano wa kwanza. Watano hao hawatimii bila Jean. Ilihitajika arudi akiwa msafi, bila damu ya sayari nzima mikononi. Suluhisho lilitokana na wazo la Kurt Busiek, ambaye alilibuni akiwa bado shabiki: nguvu ya Phoenix haikumwingia Jean hata siku moja. Iliunakili mwili wake na akili zake, ikamweka yeye mwenyewe ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Aliyependa, aliyeua na aliyejiua ni nakala.

Kama kazi ya ufundi, ni kiungo kilichokaa sawasawa. Hakikinzani na kitu chochote kilichochorwa. Lakini angalia madeni yaliyofuata. La kwanza, uamuzi wa Jean juu ya Mwezi sasa ulikuwa wa kiumbe mwingine, na tukio lililokuwa la kibinadamu likawa ajali ya angani. La pili, Cyclops aliposikia Jean yu hai, alimwacha mke na mtoto mchanga. Shujaa mkuu wa mfululizo akawa mume aliyetoroka nyumbani, na hakuna aliyekusudia hivyo. Mahitaji ya X-Factor ndiyo yaliyomsukuma. Ili kuliziba hilo, Madelyne akabadilishwa. Ilifichuliwa kwamba alikuwa kloni ya Jean iliyotengenezwa na mwanasayansi mwovu, Mister Sinister, akaingiwa na nguvu za kishetani, akafa mwaka 1989. Ikabaki shida ya mtoto. Mwaka 1991 akaambukizwa virusi na kupelekwa wakati ujao kutibiwa. Na Cable, mwanajeshi mzee aliyetokea mwaka 1990 bila nasaba yoyote iliyotajwa, baadaye akabainika kuwa ndiye mtoto huyo, akiwa ameshakua mtu mzima.

Kiraka kimoja cha mwaka 1986 kilidai viraka vingine vitatu. Mwanamke aliyeumbwa kama mtu kamili akaishia kuwa chombo cha kumsafisha mume wake. Wako wanaotetea matokeo haya kwa kuwa yalimpa Cable historia nzito, na historia hiyo kweli ni nzito. Bado, kwa mizani ya usimulizi, Madelyne alidhulumiwa, na kila msomaji anayesoma toleo la 175 leo akijua yajayo analisoma kwa uchungu.

Kuandika upya yaliyopita

Hiyo kazi ya kurudi nyuma na kubadili maana ya jambo lililokwisha chapishwa, mashabiki huiita retikoni. Isichanganywe na mbinu rejeshi. Mbinu rejeshi humrudisha msomaji nyuma amwone mhusika utotoni, na yaliyopo hubaki kama yalivyo. Retikoni huyabadili yaliyopo.

Kuna ya kuongeza, ya kugeuza na ya kufuta, na hatari yake inapanda kwa mpangilio huohuo.

Kucha za Wolverine zinaonyesha jinsi ya kuongeza inavyoweza kwenda kwa ngazi. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1974, akipigana na Hulk, Len Wein alifikiri kucha zile ni sehemu ya glavu. Katika toleo la 98 la X-Men, la mwaka 1976, Wolverine anazitoa bila glavu, zikichomoza mikononi mwake, na wenzake wanashangaa pamoja na msomaji. Baadaye ikaeleweka kuwa aliwekewa chuma cha adamantium mwilini. Mwaka 1993 Magneto, adui mkuu wa X-Men mwenye nguvu za sumaku, akakifyonza chuma hicho chote kutoka kwenye mifupa yake, na kisha ikafichuka kwamba chini yake alikuwa na kucha za mifupa alizozaliwa nazo. Chuma kilirudishwa mwaka 1999. Kila hatua iliikuta ya nyuma ikiwa na nafasi tupu, ikaijaza bila kuivunja. Msomaji wa 1976 hakudanganywa na ufichuzi wa 1993, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha mkono ule usivyokuwa na mfupa.

Ya kugeuza maana iliyo bora kuliko zote ni ya Magneto. Kuanzia 1963 alikuwa mhusika bapa: anataka kuitawala dunia, anapiga kelele, anashindwa. Katika toleo la 150, la mwaka 1981, nusura amuue Kitty Pryde, msichana mdogo, na anaposimama juu ya mwili wake anasema kwamba yeye mwenyewe alikulia Auschwitz, kambi ya maangamizi ya Wanazi. Hakuna tukio la zamani lililofutwa. Bado alishambulia kambi za makombora, bado aliwatesa wenzake. Ila sasa kila kitendo kilikuwa na mzizi: aliwahi kuona jamii ikiandaliwa kuangamizwa, na ameapa asione tena. Mhusika bapa akawa duara kwa kurasa mbili. Ndiyo iliyowezesha toleo la 200, la mwaka 1985, ambapo anakubali kushtakiwa jijini Paris, kisha anaachiwa shule ya Xavier aiongoze.

Linganisha na kile kilichofanywa mwaka 2005 na 2006 juu ya lile toleo kubwa la 1975. Hadithi ya mwanzo ilisema kikosi cha kwanza kilinaswa kwenye kisiwa hai cha Krakoa, na Xavier akakusanya kikosi kipya kwenda kukiokoa. Retikoni ikasema kulikuwa na kikosi kingine katikati, cha vijana wasio na uzoefu, ambacho Xavier alikituma kikateketea, naye akaifuta kumbukumbu hiyo akilini mwa Cyclops. Kimsuko, nafasi ilikuwepo; hakuna fremu inayokataa. Kosa lake liko kwa mhusika. Kila tukio la huruma la Xavier tangu 1975 sasa lina kivuli ambacho mwandishi wa tukio hilo hakukiweka, na mwalimu aliyesimamia msingi wa maadili wa mfululizo mzima anakuwa mwongo wa miongo mitatu.

Ukitaka kuipima retikoni mwenyewe, tenganisha kilichochorwa na kilichosemwa. Mhusika akisema neno, anaweza kuwa alidanganya au kudanganywa. Kikichorwa, kukikana ni kazi. Kigumu zaidi ni vipovu vya mawazo, kwa kuwa humo mhusika husema na nafsi yake tu. Ukidai baadaye kwamba alikuwa bandia, itakubidi ueleze kwa nini alijidanganya mwenyewe kichwani. Ndiyo sababu nakala ya Jean ilipewa pia akili za Jean, ikijiamini kuwa ni yeye. Bila kipengele hicho, matoleo zaidi ya 30 ya mawazo yake yangekuwa uongo usioelezeka.

Saa inayoteleza

Kitty Pryde alitambulishwa Januari 1980 akiwa na miaka 13 na nusu. Mwaka 2011 alikuwa mwalimu mkuu. Kama umri wake ungekwenda na kalenda angekuwa na miaka 44. Anachorwa kama mtu wa miaka ya ishirini na kitu. Ukigawanya, miaka minne ya uchapishaji inameza takriban mwaka mmoja wa maisha yake. Uwiano huu hautangazwi popote ndani ya hadithi na haufuatwi kwa ukali, lakini waandishi wote wanauishi.

Kuteleza kwa saa kunafanya kazi mradi tu mhusika asifungwe kwenye tarehe ya historia. Storm, katika toleo la 102 la mwaka 1976, anaonyeshwa akiwa mtoto jijini Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956. Ndege inaanguka kwenye nyumba yao, wazazi wanakufa, naye anafukiwa na kifusi pembeni ya maiti ya mama yake. Hofu yake ya sehemu zilizobana, ambayo humwangusha katikati ya mapambano, inatoka hapo. Mwaka 1976 hesabu ilikuwa sawa. Kadiri miaka ilivyosonga, Suez ilimfanya kuwa bibi kizee. Njia iliyotumika ni ya upole: vita vikaacha kutajwa jina. Kifusi, mama na hofu vikabaki, tarehe ikafifia.

Kwa Magneto njia hiyo haipo. Auschwitz haiwezi kufifishwa iwe kambi isiyo na jina. Ndiyo sababu yake ya kuishi. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1944 alikuwa na 52 toleo la 150 lilipotoka, na 90 ifikapo 2019. Bahati ni kwamba, bila mtu kupanga, jibu lilishawekwa kabla ya swali. Mwaka 1974, katika mfululizo mwingine, Magneto aligeuzwa kuwa mtoto mchanga, na katika toleo la 104 la X-Men, la mwaka 1977, akarudishwa kuwa mtu mzima, lakini mwenye mwili wa kijana aliyekomaa. Mwili wake haukwenda tena sambamba na umri wake. Tukio lililobuniwa kama kituko tu likaja kuwa nguzo ya mhusika mzima.

Mbinu ya wakati ujao wa kutisha ina tatizo la tarehe pia, ila jepesi. Matoleo ya 141 na 142, ya mwaka 1981, yalionyesha mwaka 2013 ambapo mashine za Sentinel zimeua mutanti karibu wote na waliosalia wako kambini. Mwaka 2013 ulifika ukapita. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu kanuni iliyowekwa ni kwamba wakati ujao ule ni mmojawapo tu kati ya mingi. Faida yake kwa mwandishi ni kubwa: katika wakati ujao anaweza kuwaua mashujaa wake wote kwa kurasa mbili, kitu asichoruhusiwa kukifanya sasa hivi, na msomaji akakihisi. Mwaka 1995 jambo hilo lilifanywa kwa kiwango cha juu zaidi. Mtoto wa Xavier alirudi nyuma ya wakati kumuua Magneto, akamuua baba yake kimakosa, na kwa miezi minne mifululizo yote ya X-Men ikabadilishwa majina na kusimulia dunia ambayo Xavier hakuishi kuijenga.

Nyuzi zinazoachwa zikining'inia

Claremont aliandika X-Men kwa miaka 16, kuanzia 1975 hadi 1991, na mfumo wake wa kusuka visa ndio uliowafanya watu wasiache kusoma. Toleo la kawaida lilikuwa na kurasa kama 20. Kisa kikuu kilichukua nyingi. Kisa cha pili, kinachoiva, kilipata kurasa mbili au tatu. Cha tatu kilipata ukurasa mmoja, wakati mwingine fremu mbili tu: mlango unafunguliwa, mtu asiyejulikana anatazama picha. Kisa kikuu kikiisha, cha pili kinasogea mbele, cha tatu kinapanda, na kipya kinapandwa chini. Hakuna mwezi ambao kila kitu kimekwisha. Jason Wyngarde alianza kumtokea Jean katika njozi miezi kadhaa kabla ya msomaji kuelewa kuwa ni Mastermind, mtaalamu wa mazigazi, akimwandaa awe wa Hellfire Club, klabu ya siri ya matajiri waovu. Jibu lilipokuja, msomaji angeweza kurudi nyuma na kuiona kila hatua ya mtego.

Mfumo huo unavunjika mbegu inapopandwa na mtu asiyejua itaota nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bishop alikuja kutoka wakati ujao akiwa na habari kwamba mmoja wa X-Men ni msaliti. Gambit, mmoja wa kikosi, alishukiwa kwa miaka. Jibu lilipatikana mwaka 1996, kupitia Onslaught, nguvu iliyozaliwa ndani ya akili ya Xavier mwenyewe. Dalili za mwanzo zilikuwa zimemwelekea mtu mwingine, kwa hiyo ukirudi nyuma huoni mtego, unaona waandishi wakitafuta. Vivyo hivyo mwaka 1993 Mister Sinister aliteleza ulimi akagusia kuwa Cyclops ana zaidi ya ndugu mmoja. Ndugu huyo wa tatu alipatikana baada ya miaka 12 hivi, naye ndiye Vulcan wa kile kikosi kilichofichwa.

Hadithi zinazogawanywa katika mifululizo kadhaa zina kasoro nyingine, ya kibiashara zaidi. Ile ya 1992 na 1993 kuhusu jaribio la kumuua Xavier ilikuwa na sehemu 12 katika mifululizo minne. Aliyekuwa akifuata mmoja tu alipata sehemu tatu na mashimo tisa. Ilikuwa enzi ya mauzo makubwa kupita kiasi: toleo la kwanza la X-Men mpya ya 1991, lenye majalada matano tofauti, lilichapishwa nakala zaidi ya milioni 8.

Mbinu moja ambayo hudharauliwa bila haki ni ya kumnyang'anya shujaa nguvu. Storm alipoteza zake mwaka 1984 na hakuzipata hadi 1988. Katikati, katika toleo la 201, alimshinda Cyclops katika pambano la kugombea uongozi wa kikosi, bila upepo wala radi. Ni miaka minne, si toleo moja la mtihani, na ndiyo maana ilimjenga. Kuhusu wahusika wanaojieleza nguvu zao kwa sauti kila mwezi katikati ya ngumi, sababu ni msomaji mgeni. Ukisoma matoleo kumi kwa mpigo, ruka vipovu hivyo, hutakosa kitu.

Krakoa: mbinu iliyowekwa hadharani

Mwaka 2019 Jonathan Hickman, katika mifululizo miwili midogo ya matoleo sita sita iliyosomwa kama mmoja, alifanya jambo ambalo hakuna aliyethubutu. Alikichukua kile kisiwa cha 1975, akakifanya nchi ya mutanti, kisha akaifanya kufufuka kuwa huduma ya umma yenye utaratibu.

Utaratibu wenyewe unahitaji mutanti watano. Goldballs anatoa mayai yasiyo na uhai. Proteus, mwenye uwezo wa kubadili uhalisia, anayafanya yaweze kuotesha mwili. Elixir anaanzisha uhai kutokana na chembe za jeni zilizohifadhiwa. Tempus anaharakisha wakati hadi mwili ufikie umri unaotakiwa. Hope Summers anaziunganisha nguvu zao zisipishane. Mwili ukiwa tayari, Xavier anaingiza akili iliyonakiliwa na mashine ya Cerebro kabla ya kifo.

Wengi waliuliza: kifo kisipouma, taharuki itatoka wapi? Hickman aliihamisha. Sheria ilikataza kufufua mtu ambaye kifo chake hakijathibitishwa, ili wasiwepo wawili. Kulikuwa na foleni, kwa sababu mutanti milioni 16 walikuwa wameuawa katika kisiwa cha Genosha mwaka 2001, na mayai hayatoki kwa wingi huo. Nani atangulie? Na likabaki swali ambalo kisa cha Jean kililiuliza bila kukusudia mwaka 1986: mwenye mwili mpya na kumbukumbu zilizonakiliwa, ni yeye au ni mfano wake? Enzi hiyo ilifungwa mwaka 2024, na kifo kikarudi kuwa cha mtu mmoja mmoja.

Anayetaka kuyaona haya yote yakifanya kazi asianze na 1963 wala asianze na kilichotoka mwezi huu. Aanze na toleo kubwa la 1975, aendelee na la 94 hadi la 142. Ni matoleo 50 tu, yote karibu ya mwandishi mmoja, na ndani yake zimo kucha za Wolverine, kifusi cha Storm, mazigazi ya Wyngarde, Mwezi wa Jean na mwaka 2013. Kisha aruke hadi la 150 na la 200 kwa ajili ya Magneto. Akifika hapo, arudi kwenye toleo la 137 na kulisoma mara mbili: mara ya kwanza kama aliyekufa ni Jean, mara ya pili kama ni ile nakala iliyojiamini kuwa ni yeye. Maneno na michoro ni vilevile.